Eti kupanda mawe ni vitu vya wazungu? Ngojeni kwanza

Kila nikiweka video nimening'inia kwa jiwe, kuna msee lazima aje kuandika: "Buda, hizo ni vitu za wazungu." Mwingine akaongeza, "Sisi kwetu tunapanda matatu." Hiyo ya pili nilicheka, sitadanganya. Lakini ya kwanza imenikaa kichwani karibu mwezi mzima. Inakuja kwa Kiswahili, inakuja kwa Sheng, juzi imekuja kwa Kikuyu, na kila mara anayeandika ni mtu wa rika langu ambaye ako na uhakika kabisa.

Kwa hivyo leo hakuna video. Leo ni kusoma. Na kabla mtu aulize digrii yangu ya historia iko wapi: mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, na hata hiyo kozi haikuwa ya historia. Nilichofanya ni kusoma vitabu vya zamani vya wapandaji, kulinganisha ramani, na kuwasumbua wasee wa Naro Moru na maswali mpaka wakachoka na mimi.

Tuanze na mahali penyewe, maana wengi wenu mnafikiri kupanda mawe ni ule ukuta wa ndani wenye vishikio vya plastiki vya rangi rangi. Ule ni wa mazoezi tu. Mawe ya ukweli yako nje, na hii nchi imejaa.

Lukenya iko karibu. Ukitoka Nairobi na Barabara ya Mombasa, ukipita Athi River, utaona kilima kimeinuka kwa nyasi kavu. Wapandaji wengi wa Nairobi wameanzia hapo. Mawe si marefu sana, lakini yanakwaruza vidole mpaka jioni simu inakataa kufunguka kwa alama ya kidole. Na ni mahali pazee kuliko mnavyodhani. Chini ya mawe ya Lukenya kuna vibanda vya asili, yaani jiwe limechomoza juu kama paa, na watu wa Enzi ya Mawe walikuwa wanaishi hapo. Wanaakiolojia wamechimba wakapata vifaa vyao vya mawe, mifupa ya wanyama waliowala, hata kipande cha fuvu la binadamu. Sasa niambieni, mtu wa kwanza kushika jiwe la Lukenya akajivuta juu alikuwa nani? Hakuwa mwanachama wa klabu yoyote. Pengine alikuwa anataka tu kuona swara wameenda upande gani.

Halafu kuna Hell's Gate, Naivasha. Imekuwa mbuga ya taifa tangu 1984, na ni moja ya zile chache ambazo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia. Ukiingia tu, kuna mnara wa jiwe umesimama peke yake, kama mita 25 hivi. Unaitwa Fischer's Tower. Vijana wa pale wanakaa chini yake na kamba na helmeti, wanakufunga mshipi, unapanda, unapigwa picha, unalipa, unashuka. Watu wengi wamegusa kamba mara ya kwanza hapo.

Fischer ni nani? Gustav Fischer alikuwa daktari Mjerumani na mpelelezi. Mwaka wa 1883 alifika hadi Naivasha akitaka kuendelea mbele, Wamaasai wakamwambia hapana. Akageuka, akarudi alikotoka. Yaani huyu ni mtu aliyezuiwa, akageuzwa njia, na bado jiwe likapewa jina lake. Wamaasai wenyewe wana hadithi nyingine ya hilo jiwe. Wanasema ni msichana, binti wa mkubwa, aliyekuwa anapelekwa kuolewa. Aliambiwa asigeuke kuangalia nyuma. Akageuka kuitazama boma lao mara ya mwisho, akawa jiwe. Jiwe moja, watu wawili waliogeuka. Kwa ramani yuko mmoja.

Shikeni hiyo, kwa sababu kila kitu kingine nitakachosema kinatoka hapo.

Kupanda mawe kuna sheria moja ambayo watu wa nje hawaijui. Anayepita njia fulani kwa ukuta kwa mara ya kwanza ndiye anaipa jina. Jina lake na mwaka vinaandikwa kwa kitabu cha wapandaji, na vinabaki hapo. Wewe ukija miaka 50 baadaye, hata ukipanda ukiwa umefunga macho, wewe ni wa pili. Ni mchezo ambao historia yake imeandikwa jiwe kwa jiwe, majina na tarehe. Sasa fungua kitabu chochote cha kupanda Kenya uhesabu majina. Hapo ndipo huyo msee wa komenti anapata uhakika wake. Anaona Wyn-Harris, Shipton, Firmin, Howell, anasema, si nilikwambia?

Basi twende mlimani wenyewe.

Mlima Kenya una vilele vitatu vikubwa. Batian, mita 5,199. Nelion, mita 5,188. Lenana, mita 4,985. Lenana ndiyo ile mnayoona watu wakipiga picha na bango. Unatembea mpaka juu, inauma mapafu lakini ni kutembea. Batian na Nelion ni kitu kingine kabisa. Hapo hakuna njia ya miguu. Ni kamba, ni ukuta, ni siku nzima ukining'inia na baridi inakuuma meno. Ndiyo maana Wakenya maelfu wamefika Lenana na wachache sana wamefika hizo mbili.

Na hayo majina. Mbatian alikuwa laibon mkuu wa Wamaasai, Nelieng ndugu yake, Lenana mwanawe. Aliyeyaweka majina hayo mlimani ni Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia kutoka Oxford. Ndiye huyo huyo ambaye ukisoma siasa za kimataifa unaambiwa alisema anayetawala katikati ya Ulaya na Asia anatawala dunia. Sasa fikiria: mlima ambao Wakikuyu, Wameru na Waembu wameuelekea wakiomba tangu zamani, mlima unaoitwa Kirinyaga, kilele chake kikapewa jina la kiongozi wa Wamaasai na mtu aliyekaa hapo wiki chache tu. Lenana alikuwa bado hai. Miaka mitano baadaye, 1904, Lenana huyo huyo akatia saini mkataba wa kuwahamisha Wamaasai kutoka ardhi yao ya Bonde la Ufa. Sisemi mambo hayo mawili yameunganishwa. Nasema tu ukisimama Lenana upige picha, ujue umesimama kwa nani.

Mackinder alikuja 1899. Reli ilikuwa imefika Nairobi tu mwaka huo huo, na Nairobi yenyewe ilikuwa mahema na mabati. Kutoka hapo alitembea na msafara wa watu karibu 170. Wazungu walikuwa sita. Waliobaki walikuwa wapagazi: Waswahili wa Pwani, watu ambao kubeba mizigo bara ilikuwa kazi yao, pamoja na Wakikuyu na Wamaasai wachache. Ulikuwa mwaka mbaya wa kutembea. Kulikuwa na njaa kali Ukikuyuni na Ukambani, ndui ilikuwa inaua watu, na msafara mkubwa namna hiyo unahitaji kula kila siku. Kutafuta chakula kukaleta ugomvi na wenyeji, na watu wakafa.

Tarehe 13 Septemba 1899, saa sita mchana, watu watatu walisimama Batian. Mackinder, na viongozi wawili wa milima aliowaleta kutoka Courmayeur, Italia: César Ollier na Joseph Brocherel. Wao ndio waliokata ngazi kwa barafu, wao ndio waliojua kazi. Sasa angalia ramani. Mackinder ana bonde, na ana kambi. Hausburg, jamaa wa mke wake aliyekuwa kwa msafara, naye ana bonde. Ollier na Brocherel? Kuna barafu mbili: César na Joseph. Majina ya kwanza tu, kama vile unavyomwita mtu anayekufanyia kazi nyumbani. Hata wazungu wa kuajiriwa hawakupewa jina kamili, kwa hivyo mnaweza kukisia wapagazi walipewa nini.

Walipewa orodha. Shajara ya Mackinder haikutoka kama kitabu hadi 1991, zaidi ya miaka 40 baada ya yeye kufa. Kati ya karatasi za safari hiyo kuna orodha ya wapagazi, na kando ya majina manane kumeandikwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Wanane. Watu waliotoka Pwani wakiwa na mzigo kichwani, wengine labda walikuwa wanaongea hiki Kiswahili ninachokiandika sasa, vizuri kuliko mimi. Jina lako linaingia kwa historia ya Batian kwa sababu ulifika juu, au kwa sababu ulipigwa risasi chini. Nilisoma hapo nikafunga kitabu nikaenda kununua chai.

Ni wanane hao ninaowafikiria nikisoma "vitu za wazungu".

Baada ya hapo Batian ilikaa miaka 30 bila mtu kurudi. Januari 1929 wakaja Eric Shipton, kijana wa miaka 21 aliyekuwa anafanya kazi kwa shamba la kahawa Nyeri, na Percy Wyn-Harris, afisa wa serikali ya kikoloni ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Gambia. Walikuwa wa kwanza kufika Nelion, wakavuka hadi Batian. Mwaka uliofuata Shipton akarudi na Bill Tilman, mkulima mwingine, wakapanda Ukingo wa Magharibi. Hao wawili wakaendelea hadi Himalaya wakawa majina makubwa duniani. Na mimi siwachukii. Njia ya Shipton kwa Nelion ndiyo inatumika mpaka leo, na ukiona walivyopanda na viatu vya misumari na kamba ya katani, lazima uvue kofia. Lakini pia jiulize mtu wa miaka 21 Nyeri mwaka 1929 alihitaji nini ndio apate wikendi ndefu ya kupanda mlima. Kijana Mkikuyu wa umri huo alikuwa anatembea na kipande shingoni, kitambulisho ndani ya kikebe cha chuma, na bila hicho hatoki rizavu kwenda popote. Hakuwa muoga wa urefu.

Kuna stori moja kila mpandaji anaipenda, na hata mimi naipenda, ndiyo maana inanisumbua. Januari 1943, wakati wa Vita ya Pili, Waitaliano watatu walikuwa wafungwa wa vita kambini Nanyuki. Kila asubuhi wanaona mlima kupitia waya. Felice Benuzzi, daktari Giovanni Balletto, na Vincenzo Barsotti. Wakaamua kutoroka kwenda kupanda mlima, kisha warudi wenyewe kambini. Walitengeneza vifaa vyao kwa vyuma vya kuokota. Kwa ramani walikuwa na picha ya mlima iliyochapishwa kwa mkebe wa nyama. Batian iliwashinda, lakini Benuzzi na Balletto walifika Lenana wakaacha bendera ya Italia. Siku 18 baada ya kutoroka wakajirudisha kambini. Adhabu ilikuwa siku 28 za kufungwa peke yao, na wakakaa saba tu kwa sababu mkuu wa kambi alipenda ujasiri wao wa kimichezo.

Stori tamu. Sasa songesha saa miaka kumi mbele. Mwaka wa 1953 msitu huo huo wa Mlima Kenya ukatangazwa eneo lililokatazwa. Ukipatikana ndani, askari anaruhusiwa kukupiga risasi bila kukuuliza kitu. Ndege za Lincoln zilikuwa zinadondosha mabomu kwa miti. Waruhiu Itote, Jenerali China, alikuwa huko ndani na vijana wake, watu waliojua mito, mianzi na mapango ya upande huo vizuri kuliko klabu yoyote, na walikuwa wanapanda na kushuka usiku bila tochi. Hao walikuwa watu wa mlima pia. Hakuna mkuu wa kambi aliyewapunguzia adhabu kwa sababu ya mchezo.

Miaka hiyo ndiyo wapandaji walikuwa wanajipanga vizuri. Klabu ya mlima ya Kenya ilianzishwa 1949, na mwaka huo huo mlima ukawa mbuga ya taifa. Nawapa heshima yao: walijenga vibanda, walichora njia, waliandika vitabu ambavyo mimi mwenyewe natumia, na siku hizi klabu imejaa Wakenya wa kila aina. Ian Howell, kwa mfano, mwaka 1970 alijenga kibanda kidogo cha bati juu kabisa ya Nelion. Alipanda Nelion peke yake mara 13 akibeba vipande. Mara kumi na tatu! Nimekuwa kwa ukuta huo kwa kichwa tu, kwa kusoma, na tayari miguu inatetemeka. Mwaka huo huo, Septemba, daktari Mwaustria alianguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu, na kumshusha kulichukua zaidi ya wiki. Rubani wa helikopta aliyekuja kusaidia alianguka nayo akafa. Hiyo inataka makala yake yenyewe, siku nyingine.

Sasa tufike kwa watu wetu wenye majina.

Wa kwanza mnamjua hata kama hamjui mnamjua. Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, wakati bendera ya Uingereza inashuka Nairobi, Kisoi Munyao, Mkamba, alikuwa Lenana akipandisha bendera ya Kenya. Ile picha yake iko kwa vitabu vya shule. Alifariki 2007. Uliza darasa lolote la kidato cha pili wakuambie jina la mtu aliye kwa picha hiyo. Mimi niliuliza watu tisa kwa stendi ya matatu, wote wamemaliza shule. Mmoja alisema Dedan Kimathi.

Wa pili hamumjui, na ndiye aliyenifanya niandike hii yote. Thumbi Mathenge.

Kati ya Batian na Nelion kuna pengo, na chini ya pengo hilo kulikuwa na barafu inayoitwa Diamond. Kutoka hapo ulishuka mfereji wa barafu mwembamba, mrefu, umesimama wima kama ngazi ya moto. Kwa miaka mingi wapandaji wazuri waliuangalia wakaendelea na safari zao. Oktoba 1973 ulipandwa mara ya kwanza, na Phil Snyder, aliyekuwa mkuu wa mbuga ya Mlima Kenya, pamoja na Thumbi Mathenge. Hapo kwa kitabu ni majina mawili, kamba moja. Miaka miwili baadaye Mmarekani Yvon Chouinard, yule mwenye kampuni ya nguo ya Patagonia, alikuja na Mike Covington wakapanda sehemu ya juu moja kwa moja, ile ngumu kabisa. Mfereji huo ukawa moja ya njia za barafu zinazotajwa zaidi duniani. Watu walitoka Ulaya na Marekani kuja kwenye ikweta kupanda barafu.

Mimi nimesoma kuhusu Chouinard mpaka najua alivyoanza kuuza misumari ya kupandia kutoka kwa gari lake. Kuhusu Mathenge nimepata mstari mmoja. Mstari huo unarudiwa kitabu baada ya kitabu: jina, mwezi, mwaka. Hakuna aliyeketi na yeye akamuuliza alijifunzia wapi kupanda barafu, kiatu chake kilitoka wapi, mama yake alisema nini.

Na mtu asiniambie nenda ukarudie njia yake basi, umpe heshima. Siwezi. Imeyeyuka. Wapelelezi wa kwanza walihesabu barafu kama 18 kwa mlima huu. Nyingi zimeisha kabisa. Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na haijaacha kupungua. (Lewis, by the way ya ramani zetu, ni Mmarekani wa miamba aliyefariki 1888, hakuwahi kuiona.) Mfereji wa Diamond siku nyingi za mwaka ni jiwe tupu linalodondosha mawe. Njia ambayo Mkenya alikuwa wa kwanza kuipita haipo tena duniani. Imebaki ule mstari mmoja kwa kitabu. Kwa hivyo mtu akisema hivi vitu si vyetu, anafuta kitu ambacho tayari kimebaki mstari mmoja.

Kuna mtu ataniuliza, na ni swali zuri: kwani lazima kupanda? Cucu wangu akiona video zangu haulizi kama ni vitu za wazungu. Anauliza kwa nini nakanyaga mahali pa Ngai. Kwake Kirinyaga ni mahali unapoelekea, na kuelekea hakuhitaji kamba. Wasamburu nao wana Ololokwe, ule mlima wa ukuta wima unaouona ukienda Marsabit. Wapandaji wanautamani, tai wanataga mayai kwa kuta zake, na wazee wanaombea huko. Sitawaambia cucu hajui kitu. Watu walioishi chini ya mlima karne nyingi bila kusimama kileleni hawakushindwa. Hawakuwa wanacheza huo mchezo. Ndiyo maana hata ile "wa kwanza kufika juu" huwa naisoma nikiwa nimekunja uso kidogo. Majina ya wenyeji mlimani mtayapata kwa maji: Naro Moru, Sirimon, Nanyuki, Nithi. Mahali watu walikuwa na kazi napo pana majina yao. Juu kwa mawe ndio unakutana na kina Piggott na Dutton.

Mimi na cucu tumekubaliana kutokubaliana, na bado ananipikia mukimo nikirudi.

Lakini yule msee wa komenti hasemi kama cucu. Yeye hana shida na mahali patakatifu. Anasema tu sisi hatukuwepo. Na tulikuwepo! Tulibeba mizigo, tulipigwa risasi, tulijificha kwa mapango, tulipandisha bendera, tulishika mwisho mwingine wa kamba ya Snyder. Hata leo, ukienda Naro Moru au Chogoria kuna viongozi wa mlima ambao wanapeleka wageni Nelion msimu baada ya msimu. Mgeni anapanda mara moja maishani, anarudi kwao anaandika makala ndefu, na kiongozi anatajwa kama "our guide". Nimekutana na mmoja ambaye ameenda Nelion mara nyingi mpaka aliacha kuhesabu. Nikamuuliza kama kuna njia ameifungua mwenyewe. Akasema ndiyo, mbili fupi, kwa jiwe moja kule chini. Uliziandika? Akanitazama kama nimemuuliza kama ameandika alivyokula chakula cha mchana.

Na nafasi bado ziko, hiyo ndiyo inanipa presha. Kwa milima ya Ndoto, kule kaskazini, kuna Poi, jiwe moja kubwa lililosimama kama jengo, na kuta zake zimevutia wapandaji kutoka mbali miaka mingi sasa. Kuna mawe Ukambani ambayo watu wanachungia mbuzi chini yake na hayana hata jina la kupandia. Katika miaka kumi ijayo mtu atapita hapo kwanza na ataandika. Sisi ambao tunasema ni vitu za wazungu tutakuwa tunaandika komenti.

Pesa ni shida, najua. Viatu vya kupandia ni kodi ya mwezi ya mtu wa Githurai. Vyangu vya kwanza vilikuwa vya mtumba, mguu wa kushoto saizi nane na wa kulia saizi saba na nusu, na nilivipanda mpaka kidole kikatokea. Kamba huwa tunachanga watu wanne. Kuna wanaotukopesha helmeti. Kwa hivyo hiyo sababu ya pesa nitaikubali, nimeishi nayo. Sababu ya rangi ndiyo sitaikubali.

Nimefungua daftari. Ukurasa wa kwanza ni Thumbi Mathenge, wa pili ni Kisoi Munyao, wa tatu nimeuacha wazi kwa wale wanane wa Pwani mpaka nipate kuiona hiyo orodha kwa macho yangu. Kama guka wako, babu yako, au mjomba aliwahi kubeba mzigo, kupika kambini, kuokoa watu au kushika kamba kwa mlima huo mwaka wowote ule, niandikie inboksi: jina lake kamili, alitokea upande gani, alipanda na nani. Picha ikiwepo, tuma. Watu wa Chogoria, nyinyi fanyeni haraka. Nimeambiwa kuna mzee huko alibeba mizigo miaka ya sitini, na masikio yameanza kumsumbua.